Zamu Mbili za Mwalimu

Msikilizaji, kama uko jikoni, endelea kusonga ugali wako, masikio tu yanatosha. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo nazungumza na walimu, lakini wewe mzazi usizime redio, maana ninayemzungumzia ndiye anayeshinda na mwanao kutwa nzima.

Shule niliyofundisha mwisho, kabla sijaiweka chaki chini, kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe. Kiranja huigonga kwa chuma, lakini anayemwambia muda umefika ni mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu mnamfahamu. Wiki yake ikifika, anawahi kabla ya jogoo wa jirani. Anasimama getini, anaangalia nani kachelewa, nani hana sare, choo kipi kimeziba, maji yamekuja au hayajaja. Jioni anafungua daftari la zamu, anaandika yote, anasaini. Ijumaa anasoma taarifa mstarini. Jumatatu anamkabidhi mwenzake.

Hiyo ndiyo zamu tunayoijua. Leo nataka tuizungumzie zamu ya pili, ile isiyo na daftari. Inaanza saa tatu usiku, watoto wakishalala, vyombo vimeshaoshwa, madaftari ya darasa la sita yameshasahihishwa nusu. Mwalimu anaketi na simu yake au kompyuta ya mkopo, anaingia kwenye mfumo wa chuo, anakuta mhadhara, makala ya kurasa 30 kwa Kiingereza, na swali la kujibu kabla ya Jumapili. Anasoma shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, na kesho saa moja asubuhi anatakiwa awe mstarini.

Walimu wa namna hii sasa wako wengi. Kila ofisi ya walimu ninayoingia nakutana na mmoja, na swali wanaloniuliza ni lilelile: “Mzee, hii kitu inalipa?” Nitalijibu, lakini mnipe nafasi nilizunguke kidogo.

Kwanza tuondoe ile dharau. Wapo wanaosema shahada ya mtandaoni ni shahada nusu, kwamba elimu ni ya kukaa chuoni, kulala bwenini na kula mesini. Wanaosema hivyo wamesahau tulikotoka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe ameanza shule. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Nchi ikafanya nini? Ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka kwenye shule za vijijini, wakawa wanafundisha saa chache na kujifunza ualimu saa zilizobaki. Walijifunza kwa vijitabu, kwa wakufunzi waliowafuata hukohuko waliko, na kwa redio. Ndiyo, kwa chombo hikihiki kinachokuletea sauti yangu. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Kama una umri wangu na ulisomea kijijini, yawezekana aliyekufundisha kushika kalamu alikuwa mmoja wao: asubuhi mwalimu, jioni mwanafunzi.

Kisha Bunge likapitisha Sheria Namba 17 ya 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikazaliwa. Wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, Makamu Mkuu wa Chuo akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao yake yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini ukweli wake uko kwenye vituo vya mikoani, kwa sababu chuo kile kilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuacha kazi. Wenzetu wa Kenya nao wana Chuo Kikuu Huria chao, kilichopewa hati mwaka 2023. Na kwa anayedhani kusoma kwa mbali ni kwa watu waliokosa nafasi, nimkumbushe kwamba Nelson Mandela alihitimu shahada yake ya sheria mwaka 1989, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa.

Lakini, msikilizaji, tusidanganyane. Dharau ile haikutoka hewani. Tumeshaona mafunzo ya haraka haraka hapa nchini, walimu wakipikwa kwa wiki chache, wananchi wakawabandika jina la Vodafasta. Jina lile liliwauma waliobandikwa, na wengi wao hawakustahili, lakini lilibeba swali la haki: huyu amejifunza, au amepitishwa tu? Kila anayesoma kwa mbali analibeba swali hilo mgongoni. Na jibu lake halimo kwenye cheti. Limo katika alichokifanya zamu ya kwanza kwa kile alichokipata zamu ya pili.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Niwasimulieni.

Pale shuleni kwetu alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, wa Kiswahili. Jina nalihifadhi, hajaniruhusu kulitaja. Alijiunga na shahada ya uzamili ya utawala, mipango na sera za elimu akiwa na mtoto wa miaka miwili na vipindi 26 kwa wiki. Mtandao nyumbani kwake ulikuwa wa kubahatisha. Palikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, ukipanda juu yake simu inashika. Usiku ungeuona mwanga mdogo pale juu, ukadhani mtu anawinda ndezi. Alikuwa yeye, amejifunga khanga mbili, anapakua makala kwa bando la usiku, kisha anashuka nazo kwenda kusoma ndani.

Masomo ya darasani aliyamudu. Alipofika kwenye tasnifu akakwama, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Alipeleka kwa msimamizi wake mada yenye kichwa kirefu kama treni ya mizigo, kuhusu mitindo ya uongozi na ufaulu wa shule za msingi Tanzania. Shule zote, nchi nzima! Msimamizi akampigia simu. Alinisimulia mwenyewe, anacheka.

“Mwalimu,” msimamizi akamwambia, “nimeisoma. Hebu niambie, Jumatatu asubuhi utakuwa wapi?”

“Niko zamu, Daktari.”

“Basi anzia hapo.”

Akarudi ofisini, akaomba madaftari ya zamu ya muhula mzima. Yalikuwa juu ya kabati, yana vumbi, moja limetafunwa na panya pembeni. Miaka yote tuliyaandika. Kila siku, wachelewaji wangapi, majina yao, na adhabu waliyopewa. Na miaka yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasoma. Yeye akakaa na rula na penseli, akaanza kuhesabu.

Akaona kitu ambacho sisi tuliosimama getini kila wiki hatukukiona. Wachelewaji wa Jumatatu walikuwa hawa leo, wale kesho. Wachelewaji wa Jumatano walikuwa walewale, majina 11, muhula mzima. Na Jumatano ni siku ya gulio. Watoto wale walikuwa wakibeba mchicha, ndizi na makaa ya mama zao hadi kwenye gulio kabla ya kuja shule. Sisi tulikuwa tukiwachapa kila Jumatano, na kila Jumatano wakarudi wakiwa wamechelewa, kwa sababu bakora haibebi ndizi.

Hiyo ikawa tasnifu yake. Utafiti wa namna hiyo unajulikana kwa wenye taaluma: mwalimu anachunguza tatizo la kazini kwake mwenyewe, anajaribu dawa, anapima, anarekebisha, anajaribu tena. Mwingereza Lawrence Stenhouse aliutetea sana mwaka 1975, akishikilia kwamba mwalimu asiwe mtekelezaji tu wa yale waliyoyagundua watu wa vyuoni, awe mtafiti ndani ya darasa lake. Sasa fikiri: mtu aliyeacha kazi akaenda kukaa chuoni miaka miwili hana darasa la kuchunguza. Itambidi aombe shule ya watu, apeleke hojaji, ajibiwe na walimu wanaojaza ilimradi wamalize. Wewe unayesoma huku unafundisha, darasa unalo, daftari unalo, gulio unaliona dirishani. Watu wanahesabu kusoma kazini kama mzigo, na mzigo ni kweli. Lakini ndiyo mtaji wenyewe.

Alipomaliza kuhesabu, akamfuata mwalimu mkuu, mzee wetu aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu.

“Shikamoo, Mwalimu Mkuu.”

“Marahaba, Mwalimu. Umekuja na ruhusa nyingine ya mtihani?”

“Hapana, mzee. Naomba dakika 20 kwenye kikao cha Ijumaa.”

Akapewa. Na kikao kile, msikilizaji, kilikuwa cha moto. Alipendekeza mambo mawili. La kwanza, kipindi cha kwanza cha Jumatano, ambacho kilikuwa Hisabati, kibadilishwe na kipindi cha michezo, ili watoto wale wasikose Hisabati kila wiki huku tukishangaa kwa nini wanafeli. La pili, sisi walimu tuwafuate wazazi kulekule gulioni tukazungumze nao, badala ya kuwaita shuleni siku ambayo wanauza.

Mwalimu wa Hisabati akasimama. Huyo ni rafiki yangu, mtu wa kunyoosha mambo. Akasema, “Mnawazawadia wachelewaji! Kesho shule nzima itakuja saa tatu.” Wengine wakapiga makofi. Mmoja pembeni akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba kusoma kumempanda kichwani.

Angeweza kutoa nadharia. Alikuwa nazo, kwa Kiingereza kizuri. Hakutoa hata moja. Aliweka daftari la zamu mezani, akasema, “Naomba kila mmoja atafute Jumatano ya zamu yake, asome majina aliyoyaandika yeye mwenyewe.” Daftari likazunguka. Ofisi ikanyamaza. Kila mtu akakuta mwandiko wake, na majina yaleyale.

Tukajaribu kwa nusu muhula. Tulienda kwenye gulio na mwenyekiti wa kitongoji, tukazungumza na akina mama wakiwa wamekaa kwenye viroba vyao. Kati ya watoto wale 11, saba wakaanza kuwahi. Wanne hawakubadilika, na mmoja wao hatimaye tuligundua kwamba shida yake haikuwa gulio, ilikuwa njaa. Hayo yote aliyaandika kwenye tasnifu, ya wale saba na ya wale wanne. Na mwalimu wa Hisabati? Hakusema nimekosea, si mtu wa namna hiyo. Lakini muhula uliofuata nilimkuta na rula na penseli, anahesabu majina ya waliokosa majaribio yake ya Ijumaa.

Mwaka 1996, huko Marekani, Marilyn Katzenmeyer na Gayle Moller walitoa kitabu kuhusu uongozi wa walimu, wakaufananisha na jitu lililolala linalongoja kuamshwa. Nawaheshimu, lakini kwa hapa kwetu ningeomba kusahihisha kidogo. Jitu la kwetu halijalala, liko zamu. Limesimama getini tangu saa kumi na mbili na nusu, linaandika daftarini mambo ambayo hakuna anayeyasoma. Linachohitaji ni kufundishwa kusoma lilichokiandika, na kupewa dakika 20 kwenye kikao.

Ndiyo maana napenda kutofautisha uongozi na cheo. Tuna taasisi nzuri ya kuwaandaa wenye vyeo, ADEM pale Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1979 ikiitwa MANTEP. Walimu wakuu wengi walipita mlango ule baada ya kukabidhiwa funguo za ofisi. Hilo ni jema. Lakini shule yenye walimu 14 ina mwalimu mkuu mmoja. Wale 13 wakiwa wanangoja kuambiwa, shule inatembea kwa mguu mmoja. Mwalimu wetu yule hakuwa mkuu, hakuwa hata mwalimu wa taaluma. Aliongoza akiwa na rula na penseli.

Sasa nirudi kwenye swali lenu: inalipa? La kwanza ni fedha. Kama unauliza habari ya mshahara, usiingie kwa kusikia maneno ya kwenye kijiwe. Nenda kwa afisa utumishi, muulize shahada hiyo itakufanyia nini kwenye muundo wako wa utumishi, upate jibu kabla ya kulipa ada. Uliza pia kama chuo na programu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, hasa kama ni chuo cha nje kinachokutumia matangazo kwenye simu usiku na mchana. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala, kwa sababu mwalimu mkuu aliyekukubalia kwa mdomo anaweza kuhamishwa wiki ya mtihani wako.

Na ada, jamani. Lipa kwa awamu, jiunge na SACCOS, chezeni upatu mkiwa wanne mnaosoma pamoja. Lakini usiende kwa wakopeshaji wa kausha damu. Nimewaona walimu walioacha kadi ya benki kwa mkopeshaji ili walipe ada ya muhula mmoja, mwisho wa mwezi wanapewa nauli kutoka kwenye mshahara wao wenyewe. Huwezi kujifunza uongozi huku unaongozwa na kadi iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

La pili linahusu nyumba. Zamu ya pili haifanywi na mtu mmoja. Kuna anayembeba mtoto wakati wewe uko juu ya kichuguu. Mzungumze mapema, na kwa wanaume wenzangu nasema waziwazi: mkeo akisoma, kuosha vyombo hakutakupunguzia ndevu.

La tatu ni gumu zaidi. Zamu ya pili isiile zamu ya kwanza. Nimemwona kwa macho yangu mwalimu aliyewapa watoto zoezi la ubaoni, kisha akainamia simu kipindi kizima akifanya kazi ya chuo. Watoto wakamaliza, wakasubiri, wakaanza kurushiana karatasi. Anasoma uongozi wa elimu, na walio mbele yake hawana anayewaongoza. Mzazi unayenisikiliza, una haki ya kukasirika. Mwalimu, kama wiki haitoshi, punguza kozi muhula huu. Kumaliza kwa miaka minne si aibu.

La nne, tasnifu uiandike mwenyewe. Vibanda vya steshenari karibu na vyuo vina watu wa kukuandikia, na siku hizi akili mnemba inakuandikia bila hata kukuuliza jina la shule yako. Na hapo ndipo utakapoumbuka. Mashine haijui Jumatano kuna gulio. Ukitafiti shule yako mwenyewe pata kibali, ficha majina ya watoto, na ukumbuke kwamba wewe ni mwalimu wao: mtoto anaweza kukujibu unachotaka kusikia kwa sababu anaiogopa fimbo yako.

Na la mwisho. Ukishaitetea tasnifu, usiifungie kabatini. Umesoma kwa Kiingereza, ofisi yenu inaongea Kiswahili. Ilete nyumbani. Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, mnakaa pamoja shuleni kwenu kujadili ufundishaji. Badala ya kusoma mwongozo mstari kwa mstari huku wengine wanasinzia, weka mezani ulichokipata, dakika 20 tu. Usipoweza kumweleza mwalimu wa darasa la kwanza kwa Kiswahili chepesi, rudi ukasome tena, bado hujakielewa.

Msikilizaji, muda unanitupa mkono. Mwalimu yule alihitimu, akavaa joho, tukala pilau. Hakupewa cheo. Mwaka uliofuata akahamishiwa wilaya nyingine, na kile kichuguu hakina mtu tena usiku.

Mwezi uliopita nilipita pale shuleni kuwasalimu. Ofisini palikuwa na sura mpya nyingi. Nikaomba daftari la zamu, kwa uzee tu, nione kama bado wanaandika. Zamani lilikuwa na safu tatu: tarehe, majina, adhabu. Sasa zilikuwa nne. Safu ya nne imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu, na juu yake pameandikwa neno moja, “Sababu.” Nikamuuliza kijana aliyekuwa zamu, ameajiriwa juzi juzi tu, nani aliyewafundisha kupiga safu hiyo. Akanitazama kama nimemuuliza nani aliyeupanda mwembe.

“Sijui, mzee,” akasema. “Nimeikuta. Hapa ndivyo tunavyoandika.”

Usiku mwema, na kwa walioko zamu, kazi njema.